Bunduki Yao ni ya Nini?

Majuma machache yaliyopita mama mmoja wa hapa Goma alitujia akishika kipande cha mti. Kilikuwa kimechongwa kwa kisu, kikapakwa makaa, kikafungwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu. Ilikuwa bunduki. Mchongaji alikuwa mwanawe wa miaka kumi na mmoja, naye alisimama nyuma ya mama yake akitazama chini. Mama huyo alipoteza ndugu yake wa tumbo moja katika siku zile za mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini mwetu. Akasema, "Sitaki kuuona hata mfano wake nyumbani mwangu. Baba yake ataka kuichoma moto na kumchapa mtoto. Nanyi mwasemaje?"

Hatukumjibu upesi. Tulimwita mtoto karibu, tukamwambia kwamba wako watu duniani walioshika bunduki tangu ujana hadi uzee, wakafyatua maelfu ya risasi, wala hawakupata kumlenga mtu wala mnyama. Walenga karatasi tu, tena karatasi iliyo mbali sana. Mtoto akainua macho. "Wameua watu wangapi?" Tukamwambia, hata mmoja. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi bunduki yao ni ya nini?"

Swali hilo halikututoka moyoni. Leo twataka kulijibu mbele yenu, kwa maana twadhani kijana yule si peke yake katika Birere, Majengo na Ndosho. Watoto wetu wameiona bunduki ikifanya kazi moja tu, nayo twaijua sote.

Tusifiche jambo: mwanzo wa mchezo huu ulikuwa wa vita. Waingereza walipoogopa kushambuliwa ng'ambo ya bahari, waliunda chama cha kuwafundisha raia wao kulenga, na mashindano ya kwanza yakafanyika Wimbledon mwaka 1860. Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza. Bunduki ilikuwa imekwisha kufungwa barabara juu ya chuma na kulengwa na mafundi; Malkia alivuta kamba ya hariri tu, na risasi ikapiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha. (Wengi wetu tungependa kulenga namna hiyo.) Mwaka 1890 mashindano yalihamia Bisley, kusini-magharibi ya London, na yangaliko huko. Nchi nyingi zimejenga viwanja vya namna hiyo, na hata jirani zetu wa Kenya wamepata kupeleka wapiga shabaha wao katika Michezo ya Olimpiki na ile ya Jumuiya ya Madola.

Umbali wenyewe wastahili kufikiriwa. Katika fainali ya zawadi kubwa ya Bisley, kila mtu hupiga risasi kumi na tano kutoka yadi 900, na kumi na tano tena kutoka yadi 1000, yaani meta 914. Huo ni mwendo wa zaidi ya dakika kumi kwa miguu. Kitovu kina upana wa sentimeta sitini hivi, kama sinia kubwa ya chakula. Naye mpigaji hana darubini juu ya bunduki yake. Atazama kwa tundu dogo tu. Risasi hutoka kwa mwendo wa meta 900 hivi kwa sekunde, lakini hata hivyo yahitaji kama sekunde moja na nusu ili ifike, na njiani hushuka kama kila kitu kilichotupwa hewani. Kwa hiyo mlengaji hana budi kuielekeza juu sana, meta nyingi juu ya mahali anapotaka ifike.

Tena kuna upepo. Upepo wa kilometa 16 kwa saa, ambao sisi wa kando ya ziwa twauita upepo wa kukausha nguo tu, ukivuma kutoka upande huisukuma risasi kando meta mbili na zaidi katika umbali huo. Kwa hiyo mpiga shabaha mwema hutumia wakati mwingi zaidi akitazama bendera, nyasi na mtetemo wa hewa juu ya ardhi yenye joto, kuliko akitazama shabaha. Sisi twaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Asubuhi tukitazama moshi wa Nyiragongo, mara nyingi twauona ukielekea upande mmoja juu ya mlima, na hapo hapo majani ya migomba uani yaelekea upande mwingine. Hivyo ndivyo ilivyo katika uwanja mrefu: upepo wa karibu si upepo wa katikati, wala wa katikati si wa mwisho. Asiye na subira hufyatua kwa kuifuata bendera moja. Mwenye subira hungoja, naye apewa sekunde chache tu, arobaini na tano kwa risasi moja huko Bisley. Ataka kungoja na saa inakwenda. Hapo ndipo roho ya mtu hujulikana.

Na mwili nao una mambo yake. Mtu hulala kifudifudi, ukanda umefungwa mkononi, mifupa ndiyo inayobeba bunduki wala si misuli, kwa maana misuli huchoka na kutetemeka. Huvuta pumzi, huitoa, na katika kituo kile kifupi baada ya kuitoa, kabla mwili haujadai nyingine, kidole huongeza uzito polepole juu ya kifyatulio hata bunduki ilie karibu bila yeye kutazamia. Akikivuta kwa nguvu, amekosa. Akiogopa mshindo akafumba macho, amekosa. Akifikiri juu ya zawadi, amekosa vilevile. Na kama kituo kile kimepita na jicho limeanza kuona ukungu, sheria yake ni moja: asifyatue. Aondoe kidole, apumue, aanze upya. Wazoefu husema kwamba kujua risasi ya kuacha ni kazi ngumu kuliko kujua risasi ya kupiga, nasi twawasadiki.

Labda mtadhani kwamba watu hao wapoteza mali nyingi kwa risasi. Ni kweli mchezo huu una gharama, wala hatusemi kwamba ungefaa kuletwa mahali ambapo watu wahesabu bei ya unga wa muhogo kila asubuhi. Lakini sehemu kubwa ya mazoezi yao hufanywa kwa bunduki tupu, nyumbani, mbele ya ukuta wenye doa dogo. Huweka sarafu juu ya mtutu, hulenga, hukivuta kifyatulio, na sarafu isianguke. Mara mia, mara elfu, bila mshindo, bila moshi, bila mtu wa kupiga makofi. Kisha huandika katika daftari kila walichofanya. Uwanjani nako, kabla hawajaonyeshwa risasi ilipofika, hujitamkia wenyewe: "Hii imekwenda chini kidogo, kuliani." Halafu ndipo watazame. Anayejitamkia uongo hujidhuru mwenyewe, kwa kuwa hatajua kamwe kosa lake liko wapi.

Pointi zake hazihesabu yeye. Huko Bisley wawili au watatu hutumia shabaha moja kwa zamu, na kila mmoja huandika pointi za mwenzake na kuzitaja kwa sauti. Yaani mshindani wako ndiye karani wako! Fikirini mambo yangekuwaje kama tungefanya vivyo hivyo sokoni, au katika kura zetu.

Lakini kuna desturi moja tuliyotaka hasa kuwaelezeni. Katika viwanja hivyo bunduki isiyotumika huwekwa wazi, kila mtu aone kwamba ni tupu, na hukaguliwa kabla haijaondolewa mahali pake. Mtu akiwa mbele, hakuna anayegusa silaha. Na yeyote aonaye hatari, awe mgeni, awe mwanamke aliyekuja kutazama, awe mtoto, ana ruhusa ya kupaza sauti na kusema, "Acheni!" Hapo wote huacha. Aliye katika risasi yake ya mwisho ya ushindi huacha. Hakuna anayeuliza kwanza, "Wewe ni nani?" Sisi tuliosikiliza milio usiku mzima tukiwa tumelala sakafuni, tulipopata habari ya desturi hii tulikaa kimya muda mrefu.

Wasomaji wetu wanafunzi watataka hadithi, basi na tuwape moja iliyo kweli. Katika Olimpiki ya Athens, mwezi wa Agosti 2004, alikuwako Mmarekani mmoja, jina lake Matthew Emmons. Siku chache mbele alikuwa amepata dhahabu akitumia bunduki ya kuazima, kwa sababu miezi ya nyuma mtu aliiharibu yake kwa hila. Sasa alishindana katika mikao mitatu, kulala, kupiga magoti na kusimama, umbali wa meta 50. Ilibaki risasi moja. Aliwatangulia wote kwa pointi tatu. Hata risasi ya wastani ingemtosha. Akatulia, akafyatua, na risasi ikapiga vizuri. Lakini mtambo wa kuhesabu haukuonyesha kitu. Akageuka kuwauliza waamuzi. Risasi yake ilikuwa imepiga shabaha ya jirani! Akapewa sifuri, akaanguka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nane.

Mkono haukukosea siku ile, wala jicho. Alikosea jambo dogo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeliweza kulifanya, kusoma namba iliyo juu ya shabaha. Jioni ile binti mmoja wa Ucheki, Kateřina Kůrková, naye mpiga shabaha, alimwendea kumpa pole. Mwaka 2007 wakafunga ndoa. Mwaka 2008 huko Beijing Emmons alitangulia tena katika shindano lilelile, akabakiwa tena na risasi moja, na kidole kikatangulia moyo: akapata 4.4, akawa wa nne. Mtu mwingine angeliuza bunduki. Yeye alirudi London mwaka 2012, katika mikao ileile mitatu, akapata shaba. Twakiri kwamba shaba hiyo yatupendeza kuliko dhahabu yake ya kwanza.

Wala tusifikiri kwamba subira ya namna hii ni mali ya wageni. Kaskazini kwetu, katika msitu wa Ituri, Waefe huwinda kwa upinde. Mwindaji hupanda mti ulio karibu na mwingine wenye matunda yaliyoiva, huketi bila kujikuna wala kukohoa, akingoja mnyama aje kuokota yaliyoanguka. Aweza kungoja hivyo hadi mchana na kushuka na mishale yake yote. Hakuna amchekaye, maana mshale uliotupwa ovyo huwafukuza wanyama wa kesho. Na upinde una mashindano yake pia: mwaka 2016 huko Rio, mwanamke wa Kenya, Shehzana Anwar, alishindana kwa upinde katika umbali wa meta 70, naye ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake.

Tumrudie mama yetu. Tulimwomba mumewe asiichome bunduki ile ya mti, wala asimchape mtoto. Tulisema hivi tukiwa na mashaka, na mashaka yangaliko. Wako wazazi watakaosema kwamba katika mji huu hata kijiti chenye umbo la silaha ni kibaya, kwa kuwa wako watu wanaotafuta vijana walio tayari kuipenda. Hatuwezi kuwaambia wamekosea. Lakini mtoto anyang'anywaye mti atachonga mwingine, tena mafichoni, na huko mafichoni hatakuwako mama wa kumwona wala mtu wa kulijibu swali lake.

Tulimwonyesha zoezi la sarafu. Kwa kuwa sarafu hatuna siku hizi, tulichukua punje ya haragi. Alitandika mkeka uani, juu ya mawe meusi ya mlima, akalala kifudifudi, akaweka haragi juu ya ncha ya mti, na dada yake mdogo akaketi kando kuhesabu. Alama aliyoilenga ilikuwa doa la chokaa ukutani. Sheria tulimpa mbili: haragi isianguke, na mtu yeyote akipita mbele, hata kuku wa jirani, aweke mti chini mpaka apite. Kuku walikuwa wengi siku ile, na zoezi likachukua muda.

Mama yake alitueleza jumapili iliyofuata. Siku ya tatu dada alikuwa amefika hesabu ya kumi na tisa, akageuka kumfukuza mbuzi, naye hakuona kitu. Aliporudi alisema, "Ishirini." Kijana akaketi juu ya mkeka, akaiokota haragi chini ya kiwiko chake. "Hapana," akasema, "imeanguka. Anza moja."