KIHARUSI SI MKONO WA MCHAWI

Mchuma chai wa Rungwe, kijana mwenye nguvu zake, aangukapo ghafula na upande mmoja wa mwili ukalegea, wapo wasemao amerogwa. Wengine husema ni urithi wa damu, basi hakuna la kufanya. Kauli hizi mbili zina madhara yale yale: humfanya mtu akunje mikono.

Urithi una sehemu yake, hatukatai. Jeni, yaani maagizo ambayo mtoto huyapokea kwa wazazi wake, huongoza homoni zinazoyaamuru mafigo yashike chumvi au yaitoe. Mwenye mafigo yanayoshika chumvi mno hupandwa na shinikizo la damu upesi, na shinikizo hilo ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huongeza hatari kidogo, hasa kwa mwanamke mwenye shinikizo la damu au anayevuta sigara.

Lakini urithi si hukumu. Utafiti uliofanywa nchini mwetu kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta Hai, baada ya kuzingatia tofauti za umri, wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 316. Wakazi wengi wa mji huo asili yao ni mashambani. Walihama na damu yao, kilichobadilika ni maisha.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya ubongo kupigwa picha. Kutoka vijiji vya milimani hadi Tukuyu, kisha Mbeya, saa hizo huisha njiani. Kwa hiyo kinga yetu ni kipimo.

Twataka viwanda vya chai, vyama vya ushirika na matawi yawe na siku za kupima shinikizo la damu, na vijana wasiachwe nyuma. Mwanamke apimwe kabla ya kupewa vidonge hivyo. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku. Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa sababu hasikii maumivu.

Ndugu wananchi, hatukuchagua wazazi wetu. Kupima tunaweza. Tuanze sasa.