Acha Shetani Akose Konje

"Shetani hana konje," yaani hana likizo. Ukiishi Butembo au Beni, maneno haya umeshayasikia hadi umeyazoea. Mhubiri wa mkesha wa Ijumaa huyatoa saa nane za usiku, vichwa vinapoanza kuinama. Kiongozi wa kwaya huyatumia waimbaji wakipungua kwenye mazoezi. Mama akiomba kukosa kamati moja tu kwa sababu mgongo unamsumbua, ataambiwa kwa upole kwamba adui halali. Wote wataitika amina, na mama atarudi kwenye kamati na mgongo wake.

Maneno ni matamu, mafundisho ni mabovu. Kama Shetani hana konje, hiyo ni shida yake. Anayepumzika katika kurasa za kwanza za Biblia ni Mungu, na sisi tuliitwa kumfuata Mungu.

Wanaoyapenda maneno hayo huegemea Waraka wa Kwanza wa Petro, mlango wa 5, mstari wa 8, pale adui anapofananishwa na simba anayezunguka akitafuta windo. Sawa. Lakini warudi mstari mmoja nyuma. Mstari wa 7 unawataka waamini wamtwike Mungu mahangaiko yao yote, kwa kuwa yeye ndiye anayewatunza. Petro anataka watu wawe macho, hajasema wasilale. Tena huyo huyo Petro, katika Matendo ya Mitume mlango wa 12, alilala gerezani amefungwa minyororo kati ya askari wawili, usiku wa mwisho kabla Herode hajamtoa mbele ya watu. Alilala fofofo hata malaika akalazimika kumpiga ubavuni ili aamke. Kanisa lilikuwa likimwombea usiku ule, ni kweli. Mwenye kesi alikuwa usingizini.

Imani ninayoipinga ni hii: kwamba Mkristo wa kweli ni yule asiye na nafasi. Jumatatu mazoezi ya kwaya, Jumanne kikundi cha wamama, Jumatano jumuiya ndogo, Alhamisi kamati ya ujenzi, Ijumaa mkesha, Jumamosi kazi ya pamoja ya salongo kanisani kisha harusi au kilio, Jumapili ibada mbili na, baada ya ibada, mkutano wa kupanga mikutano. Anayefuata ratiba hii bila kukosa anaitwa mtumishi. Anayebaki nyumbani jioni moja ili akae na watoto wake anaulizwa kama amepoa kiroho. Sisemi mikesha haina maana. Yesu alikesha usiku mzima mlimani kabla ya kuchagua mitume kumi na wawili. Lakini aliukesha kwa neno kubwa lililokuwa mbele yake, hakuugeuza kuwa zamu ya kila juma.

Si ajabu imani hii imeshika mizizi kwetu. Butembo ni mji wa jasho, na unajivunia kwa haki. Wafanyabiashara Wanande waliuunganisha na Dubai na Guangzhou, makontena yakipita Mombasa hadi Kasindi, katika miaka ambayo serikali haikuwa na nguvu hata ya kutengeneza barabara. Wasomi wa ng'ambo, akiwemo Timothy Raeymaekers, wameandika vitabu juu ya biashara hiyo. Katika mji wa namna hii, mtu anayeonekana amekaa kitako mchana hutazamwa kama mwizi anayengoja giza. Na hivyo bidii ya soko ikapanda hadi madhabahuni, ikavaa joho, ikaanza kutuhubiria kwamba kazi ni sala.

Wanaojua zaidi kuhusu kazi na sala ni watawa. Katika mkoa wetu huu, kule Mokoto, Masisi, Watrapisti walianzisha monasteri mwaka 1954. Watawa hao hufanya kazi kwa mikono yao kweli kweli. Lakini kengele ikilia, jembe linawekwa chini, hata kama mstari haujaisha. Kwao kazi ina mpaka, na mpaka huo ndio unaoilinda sala isimezwe. Sisi tumechukua kazi, tukaiacha kengele.

Tembea Butembo Jumapili baada ya misa. Duka limefungwa, mlango wa chuma umeshushwa, lakini chini umebaki mwanya unaofika magotini. Mteja anagonga mara mbili, anainama, anaingia. Ndani kuna kijana na vitenge vyake. Tajiri mwenyewe bado yuko kanisani, kiti cha mbele. Simu yake ameinyamazisha kwa heshima ya mahali, ila inatetemeka mfukoni kila mara bei inapohitaji kibali chake. Nabii Amosi aliwajua watu hawa kabla hawajazaliwa. Katika mlango wa 8 anawashambulia wafanyabiashara walioishika Sabato kwa mwili huku moyoni wakiuliza itakwisha lini ili wauze nafaka, na papo hapo anataja vipimo vilivyopunguzwa na mizani ya udanganyifu. Hakuyaweka pamoja kwa bahati mbaya. Asiyeweza kuiachilia faida kwa siku moja hana cha kumzuia siku sita nyingine.

Nasikia pingamizi kutoka Beni, na ni zito: "Ninyi mnazungumza habari za mapumziko, sisi tunakimbia." Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewatoa watu katika mashamba yao upande wa Mbau, Oicha na Eringeti. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa kwa ajili ya usalama, na bado watu wanazikwa. Nani atapumzika hapo?

Lakini tusichanganye mambo mawili. Mkulima aliyenyang'anywa shamba, anayekaa barazani kwa ndugu yake tangu asubuhi hadi jioni akitazama barabara, hajapumzika. Siku ya ville morte, maduka yakiwa yamefungwa kwa hasira au kwa hofu, si Sabato. Amri ya kutotembea usiku si Sabato pia. Huko ni kusimamishwa na mwingine. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5, kinatoa sababu ya siku ya mapumziko, na sababu hiyo ni Misri: mlikuwa watumwa, mkatolewa. Farao hakuwa na siku ya saba katika kalenda yake. Kupumzika ni tendo la mtu aliyeachiliwa, naye hulichagua mwenyewe.

Kwa hiyo vita havitoi ruhusa ya kuidharau siku hiyo. Vinaifanya iwe ya thamani zaidi. Wenye silaha wanajua hivyo kuliko sisi: tarehe 27 Juni 2021, siku ya Jumapili, bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki la Emmanuel mjini Beni, na tarehe 15 Januari 2023, Jumapili tena, lingine likaua waamini waliokuwa katika ibada Kasindi. Wametuchukulia mashamba, barabara na usiku. Siku moja tunayoitawala sisi wenyewe tusiwape bure, wala tusiijaze vikao hadi isibaki na nafasi ya kuvuta pumzi.

Kuna jambo gumu zaidi ambalo mimbarani halisemwi. Wengi wetu hatukai kimya kwa sababu tunakiogopa kimya. Kwa aliyeona jirani yake akiuawa, utulivu hauna raha. Ndio unaoleta sura na sauti. Spika za mkesha, ngoma, mikutano isiyokwisha, vyote vinasaidia kuzifunika. Simlaumu mtu kwa hilo. Ila namkumbusha mchungaji wake habari ya Elia, katika Wafalme wa Kwanza mlango wa 19. Nabii amemkimbia malkia Yezebeli kuokoa roho yake, amechoka hadi anaomba afe, analala chini ya mti jangwani. Malaika anakuja. Hamkemei, hampangii semina, hamwambii kwamba Yezebeli hana konje. Anampa mkate na maji, Elia anakula na kulala tena, malaika anarudi na kumlisha mara ya pili. Baada ya hapo tu ndipo safari inaanza, na baadaye sauti ile ndogo, tulivu.

Wala utulivu si lazima uwe wa upweke. Wazee wetu Wanande walikuwa na kyaghanda, nyumba ya kukutania, ambamo watu walikaa jioni kuzunguka moto. Maneno yalikuja yenyewe au hayakuja. Hakukuwa na ajenda wala katibu. Jumuiya ndogo zetu zingeweza kufanya hivyo mara moja kwa mwezi: watu wa mtaa mmoja wakae pamoja bila spika, bila mchango, bila ripoti. Naamini wapo watakaolia hapo ambao katika mkesha waliweza kupiga kelele tu.

Sasa nifike panapouma. Kila tunapojivunia shughuli zetu za kiroho, kuna mtu mwingine anayezilipia kwa mwili wake. Nje ya kanisa, wakati wa ibada, pikipiki zimepangwa mstari. Motari mmoja amelala kifudifudi juu ya tangi, mikono ikining'inia pande zote mbili, ufunguo ameuzungushia kidole ili asiibiwe. Hayo ndiyo mapumziko yake ya juma zima. Hawezi kuingia ndani, kwa sababu jioni lazima apeleke pesa ya siku kwa mwenye pikipiki, na pesa ya Jumapili haina punguzo. Mwenye pikipiki yuko ndani, anaimba. Nyumbani kwake, msichana wa kazi yuko jikoni tangu alfajiri, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya wageni.

Amri ya Sabato haikuandikwa kwa mkuu wa nyumba peke yake. Inataja mtumwa wa kiume na wa kike, mgeni, ng'ombe na punda. Punda wa Israeli alikuwa na siku ambayo motari wa Butembo hana. Wakatoliki wana kanuni ya 1247 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, inayodai watu waache kazi zinazozuia ibada na mapumziko ya akili na mwili. Hata Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inalazimisha mapumziko ya kila juma. Kanisa na serikali, ambavyo kwetu havikubaliani kwa mengi, vimekubaliana hapa, na bado kijana analala juu ya tangi.

Watu husema: ukifunga siku nzima, utafilisika. Waulize Waadventista. Kutoka Lukanga, kwenye chuo kikuu chao kusini mwa Butembo, hadi masokoni, wanafunga jua likizama Ijumaa, na wateja wanajua. Jumapili duka linafunguka, bidhaa zipo, wenyewe wapo. Nao wanaweza kuijaza Sabato yao vipindi hadi ikachosha kama Jumapili yetu. Lakini hofu ya kwamba siku moja bila kuuza itavunja nyumba, wao wameijibu kila juma mbele ya macho yetu.

Ninayoomba si mengi. Wachungaji na mapadre, futeni mkutano mmoja kila juma, na msiweke mwingine mahali pake. Tangazeni mimbarani kwamba mama mwenye mgongo mbovu hakupoa, amechoka, na aende akalale. Wenye maduka, teremsheni mlango mpaka chini na mzime simu. Wenye nyumba, pikeni wenyewe Jumapili, au mle viporo.

Na wewe mwenye pikipiki, Jumapili ijayo, kabla hujainua mikono kuomba baraka, mwambie motari wako kwamba pesa ya siku hiyo haidaiwi. Kama huwezi kuiachilia, usituambie tena kwamba katika nyumba yako mnashika siku ya Bwana.