Miji ya Ugenini: Ipi Twaipenda na Ipi Hatuipendi



Sisi tunaozunguka matawi ya huku Mtera twaijua vema desturi moja. Kijana akirudi kutoka ng'ambo, awe alikwenda kununua bidhaa, kusoma au kutembea tu, watu humkusanyikia. Wavuvi huziacha nyavu, akina mama wauza samaki husogea na watoto migongoni, na swali huwa lile lile: "Haya, tueleze, mji gani ni mzuri?" Naye huanza kuhesabu maghorofa. Atautaja Dubai, kwa kuwa jengo la Burj Khalifa lililofunguliwa mwaka 2010 lina urefu wa mita 828. Atataja taa, barabara na magari. Kisha hutazama vumbi la kijiji chake na kusema, "Huku bado sana."

Twasema kipimo hicho ni kibovu. Ghorofa ni kazi ya mikono na fedha, na hata sisi tukijaliwa tutajenga. Mwanachama yampasa aupime mji wa kigeni kwa maswali matatu. La kwanza, mji huo humpokeaje Mwafrika asiye na cheo wala fedha nyingi? La pili, huwatunzaje watu wake wenyewe? La tatu, una nini kilicho chetu, na umekifanyia nini?

Tuanze na New York. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda huko kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Nauli yake ilitokana na michango ya wanachama na wapenzi wa TANU, chama ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka mmoja. Serikali ya Marekani ilimruhusu, lakini kwa masharti: asizunguke mbali na mitaa ya jirani na jengo la Umoja wa Mataifa, na akimaliza kusema aondoke. Hivyo ndivyo mji ule mkubwa ulivyompokea mgeni aliyetumwa na watu wake. Lakini tusiudhulumu. Ndani ya mji huo palikuwa na ukumbi mmoja ambao Mwafrika aliketi akasikilizwa, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikajitawala. New York twauheshimu kwa ukumbi ule, ila kuupenda ni jambo jingine.

Siku hizi milango imekuwa ya karatasi. Mtanzania anayetaka kwenda kuitazama Paris, Roma au Berlin hulipa ada ya viza ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Akinyimwa, ada hairudi. Lakini Mjerumani anayetaka kuja kuwaona tembo wetu wa Ruaha aweza kupata viza akishafika uwanja wa ndege. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Je, tuisifu vipi nyumba ambayo twalipishwa hata kubisha hodi?

Wako watakaosema kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Kweli kabisa, hata sisi twalinda wa kwetu. Kufuli hatulionei kinyongo. Tunalolikataa ni kwamba mlango mmoja una funguo mbili, moja ya mgeni tajiri na moja ya mgeni masikini, na fedha ya masikini hubaki mlangoni hata asipoingia.

Sasa twende Guangzhou, katika China. Wafanyabiashara wetu wengi wa Kariakoo, na wa Dodoma pia, wameujua mji huo kuliko wanavyoijua Kigoma. Huko hununua nguo, simu na vyombo vya nyumbani, na wengi wamesomesha watoto kwa biashara hiyo. Manufaa hayo hatuyakatai, wala urafiki wa nchi yetu na China, uliotupa Reli ya TAZARA, si jambo la kubezwa. Lakini mwezi Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika wa Guangzhou walitolewa katika nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini. Wengine walilala barabarani na mizigo yao, wakiwamo watu wasiokuwa na ugonjwa wala hawakuwa wametoka safari. Mabalozi wa Afrika huko Beijing walilalamika kwa maandishi. Hapo ndipo mji ulipojulikana. Mji uliokupokea ulipokuwa na fedha ukakufukuza siku ya shida, mji huo ni soko tu. Nenda ukanunue, rudi nyumbani, wala usiuite rafiki.

Berlin twaiweka katikati, na tutaeleza sababu. Katika mji huo, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa ya Ulaya yalikaa mezani kupanga namna ya kuigawana Afrika, na hakualikwa Mwafrika hata mmoja. Katika mji huo yamo makumbusho yenye mifupa ya mjusi mkubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 kwa jasho la vibarua wetu. Imeunganishwa ikasimama kwa urefu unaozidi mita 13, na watu wa dunia nzima hulipa kiingilio kuitazama. Majirani zetu wa ng'ambo ya mto, Wahehe, walirudishiwa fuvu la Mkwawa mwaka 1954 kutoka mji mwingine wa Wajerumani, Bremen, miaka 56 baada ya shujaa huyo kufa. Mjusi wa Tendaguru bado hajarudi.

Lakini Berlin umeanza kujisahihisha. Palikuwa na barabara iliyoitwa kwa jina la Carl Peters, yule yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Waafrika wakaao huko, pamoja na Wajerumani wapenda haki, walidai kwa miaka mingi jina hilo lifutwe. Agosti 2024 lilifutwa, na sehemu ya barabara hiyo sasa yaitwa Maji Maji. Kabla ya hapo, Novemba 2023, Rais wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi kwa mauaji ya vita vile. Twajifunza kwamba mji mbaya waweza kutengenezwa, lakini hautengenezwi na watalii wanaopiga picha. Hutengenezwa na watu wanaodai bila kuchoka.

Je, miji tuipendayo? Wa kwanza ni Addis Ababa. Huko, tarehe 25 Mei 1963, nchi huru za Afrika ziliunda Umoja wao, na Kamati ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Februari 2024 sanamu ya Mwalimu ilizinduliwa katika makao makuu ya Umoja huo. Mtanzania akifika pale hahitaji kuuliza mji huu una nini cha kwetu. Akiinua macho atakiona.

Wa pili ni Kigali. Kutoka Dodoma unaweza kuufikia kwa basi, kupitia Singida, Nzega na Kahama hadi daraja la Rusumo. Huombi viza, wewe ni raia wa Jumuiya. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu mwaka 2008, miaka 11 kabla yetu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kufanya kazi ya pamoja waiitayo umuganda, waziri na mkulima. Hata dereva wa pikipiki hubeba kofia ngumu ya pili kwa ajili ya abiria. Hatusemi kila jambo la Kigali ni la kuigwa. Wachuuzi wake wa barabarani wameonja adha ya kukamatwa na kuondolewa. Lakini usafi ule haukuletwa na utajiri. Waliamua, wakafanya, na sisi twaweza.

Na sasa twafika penye uzito. Mji wetu wa Dodoma, uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupewa hadhi ya Jiji mwaka 2018, nao ni ugenini kwa mtu. Balozi ni mgeni pale, na mama wa Mtera aliyeshuka kwenye basi na kapu la samaki ni mgeni pia. Maswali matatu tuliyowauliza wengine, tujiulize. Mama huyo hupokewaje akifika ofisini bila kujuana na mtu? Mchuuzi hupewa mahali pa kuuzia, au hukimbizwa? Na je, jiji lakumbuka kilicho chetu? Maji ya bwawa letu huzungusha mitambo ya megawati 80 hapa Mtera, kisha huteremka Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Taa zinazong'aa mijini zimewashwa na mto huu. Haifai mwenye mto aingie mjini kwa kunyenyekea.

Basi, ndugu wanachama, tembeeni. Tembea uone si maneno ya mzaha. Lakini mwenye kurudi asituletee hesabu ya maghorofa. Aje kwenye mkutano wa tawi, asimame, ajibu maswali matatu mbele ya wote, na kila jema atakalolitaja tuulize siku hiyo hiyo: hapa kwetu litaanza lini, na nani atashika jembe? Na sisi viongozi wa matawi tuyapeleke majibu hayo wilayani, ili mgeni wa kesho, akiulizwa huko kwao mji gani aupenda, ataje Dodoma bila kusita.