Usilipie spea ya laptopu kabla ya kusoma namba ya ile ya zamani

Kuna simu ambayo wenzetu wa huduma kwa wateja wameizoea. Mtu anaeleza hivi: "Nilituma pesa ya skrini ya laptopu. Imekuja, haitoshei, na sasa muuzaji hashiki simu. Mnaweza kunirudishia?" Mara nyingi jibu letu linauma. Mteja aliituma mwenyewe, namba ilikuwa sahihi, na aliyepokea ashaitoa.

Sisi ni kampuni ya malipo. Ukilipa, nasi tunapata riziki. Hata hivyo leo tunasema wazi: usilipie spea yoyote ya laptopu kabla hujafungua mashine yako na kusoma namba iliyoandikwa kwenye kifaa kinachoharibika.

Hatusemi usijitengenezee. Tunataka ujaribu. Skrini iliyopasuka, betri iliyochoka, kibodi iliyomwagikiwa chai: hizo tatu mara nyingi mtu makini anaziweza nyumbani. Laptopu nyingi tunazonunua Kenya ni Ex-UK, mashine zilizotumika maofisini ng'ambo, na nyingi kati yake hazina shida kufungua. Unahitaji bisibisi ndogo ya nyota, kadi ya zamani ya plastiki ya kubandulia kifuniko, na sahani ya kuwekea skrubu zisipotee. HP, Dell na Lenovo wameweka vitabu vya matengenezo vya mashine zao nyingi kwenye tovuti zao, bure kabisa, vikiwa na picha.

Kinachokula pesa za watu ni spea isiyo yake. Kuuliza "betri ya HP ni ngapi?" ni kama kuuliza "kiatu cha mtoto ni ngapi?" Mtoto yupi? Chukua HP EliteBook 840, laptopu inayoonekana sana madukani kwetu. 840 G3 inatumia betri iitwayo CS03XL. 840 G5 inatumia SS03XL. Jina la nje linakaribia kufanana, lakini betri ya moja haiingii kwa nyingine.

Skrini nayo ina mambo yake. Itoe, uangalie kibandiko cha nyuma. Utakuta namba inayoanza kwa mfano na LP140, B140 au N140. Hiyo 140 ni inchi 14.0. Ukiona 156, ni inchi 15.6. Usiishie hapo, kwa sababu skrini mbili za inchi sawa zinaweza kuwa na soketi tofauti, moja ya pini 30 na nyingine ya pini 40. Piga picha ya kibandiko chote na ya soketi.

Kwa kibodi, angalia Enter. Zile za Uingereza zina Enter ndefu ya kusimama, za Marekani zina ya kulala. Ukiletewa ya Marekani kwa mashine ya Ex-UK, huenda isikae vizuri kwenye fremu yake.

Kuna sheria moja ya usalama ambayo hatuna mzaha nayo. Zima mashine, chomoa chaja, kisha chomoa waya wa betri kabla hujagusa kitu kingine ndani. Na betri ikiwa imevimba, usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Hiyo mpelekee fundi, pamoja na laptopu iliyoingia maji hadi kwenye bodi. Kujua pa kuachia pia ni kuokoa pesa.

Wapo watakaosema tunawanyima mafundi kazi. Hatuoni hivyo. Fundi anayejua kutengeneza bodi hatakosa wateja kwa sababu wewe umebadilisha betri. Na hata ukiamua kumpa kazi yote, ukifika ukijua namba ya spea, mtaongea bei kama watu wanaoelewana. Fundi mzuri hakasiriki ukimuuliza namba. Anayekasirika, jiulize kwa nini.

Sasa twende sokoni. Ukiwa Nairobi, Luthuli Avenue na mitaa ya karibu ina maduka ya kutosha. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, uulize angalau maduka matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Uliza pia kama wana spea iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa. Skrini au kibodi ya namna hiyo huwa nafuu, na ikiwa nzima itakufaa. Kwa betri tunashauri mpya, kwa sababu betri iliyotumika ishapoteza nguvu zake. Omba skrini iunganishwe na iwashwe hapo dukani. Ikiwaka bila mistari wala madoa, ndipo utoe simu ulipe.

Ukiwa mbali na unatumiwa mzigo kwa basi, mwambie muuzaji akutumie picha ya kibandiko cha spea yenyewe, si picha ya mtandaoni. Linganisha herufi kwa herufi na ile yako. Mkubaliane kulipa ukishapokea. Akikataa kabisa, lipa kwa till ya duka, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalojitokeza. Kama duka lina jina moja na till ina jina la mtu usiyemjua, simama hapo hapo. Omba risiti iliyoandikwa namba ya spea na siku za kuirudisha, na usifute ujumbe wa malipo.

Tungependa simu za namna ile zipungue. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni safari. Kusoma namba kwenye kibandiko ni bure, na kunachukua dakika chache kwa bisibisi.