Tusiifunge Njia ya Kwakuchinja

Mwezi wa Septemba, sehemu kubwa ya Mto Tarangire huwa mchanga mtupu. Tembo jike husimama katikati ya mkondo, akachimba kwa mguu wa mbele na mkonga, kisha akangoja. Maji hujikusanya taratibu chini ya shimo, naye huyavuta kidogo kidogo. Akishaondoka, nyani na punda milia waliokuwa wakimvizia kwa mbali husogea kunywa pale pale.

Hiyo ndiyo Tarangire tunayoijua wageni: wanyama wamejaa kwa kuwa kwingine kote kumekauka. Pori hilo lilitengwa mwaka 1957 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, kilomita za mraba 2,850, na moyo wake ni huo mto. Kwa maneno mengine, mipaka ililinda mahali wanyama wanapokimbilia wakati wa kiangazi. Vuli ikianza, wao hufunga safari. Wengi huenda mashariki, nyanda za Simanjiro. Wengine hushika njia ya kaskazini-magharibi kuelekea Ziwa Manyara, wakipita ushoroba wa Kwakuchinja.

Wanafuata nini huko nje? Majani ya Simanjiro yana fosforasi nyingi, na nyumbu anayenyonyesha anaihitaji sana. Mkulima anayetumia mbolea ya Minjingu ananielewa vizuri: madini yale yale anayoyatia shambani, nyumbu anayatafuta kwenye nyasi. Huko ndiko anakozalia, na ndama wake husimama na kukimbia muda mfupi tu baada ya kuzaliwa. Wafugaji wa Kimaasai wanaijua ratiba hii kuliko sisi sote. Nyumbu wanapozaa, wafugaji hao huwahamishia ng'ombe kwenye malisho mengine, maana nyumbu wana ugonjwa unaoua ng'ombe. Watu na wanyama wamepishana hivyo vizazi kwa vizazi bila uzio.

Kinachonitia hofu ni Kwakuchinja. Barabara kuu ya Arusha kwenda Babati inaukata ushoroba huo, na kandokando yake mashamba na nyumba vinaongezeka. Hakuna anayeamka asubuhi akakusudia kuwafungia tembo njia. Mtu ananunua ekari mbili, jirani yake tatu, wa tatu anaweka senyenge.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu unayetafuta kiwanja upande huo kwa kuwa bei bado ni nafuu: kabla ya kutoa hela, nenda ofisi ya kijiji ukaulize mpango wa matumizi bora ya ardhi unasemaje kuhusu eneo hilo. Nanyi wanakijiji, msikose Mkutano Mkuu wa Kijiji siku ya kujadili ugawaji wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiiruhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Kura yenu ina nguvu kuliko bango lolote la uhifadhi. Watu wa Terrat, huko Simanjiro, walikubaliana na kampuni za utalii kuwa nyanda zao zisilimwe, mifugo iendelee kulishwa, na kijiji kilipwe kila mwaka. Ni mfano wa kuigwa, kwa sababu haukumwondoa mtu kwake.

Lakini tusimtwike mkulima wa Minjingu au Vilima Vitatu, vijiji vya kwenye ushoroba huo, mzigo huu peke yake. Tembo watano wakiingia kwenye mahindi yaliyokomaa, chakula cha mwaka kinaisha kabla hakujapambazuka. Kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa, kikichelewa hakilishi watoto, na aliyefiwa na ndugu aliyeuawa na tembo hafarijiki kwa kifuta machozi cha kuhangaikia ofisi kwa ofisi. Sisi wa mijini tunaojivunia tembo kwenye kalenda tuzungumze na madiwani na wabunge wetu, tudai malipo hayo yaongezwe na yafike mapema. Tudai pia askari wa wanyamapori wawe na gari na mafuta, ili wakipigiwa simu usiku waje usiku huo huo.

Na wewe uliyemo ndani ya basi, jioni, mkiwa mmeshapita Makuyuni kuelekea Babati na magari yameanza kuwasha taa: mwombe dereva apunguze mwendo. Msimu wa mvua umefika, na kuna mama na ndama wanaotaka kuvuka.