Kwanza Iandikwe, Kisha Ifutwe

Mjomba wangu alikamatwa mara moja tu maishani mwake. Ilikuwa mwaka uliofuata mvua za El Nino, akitoka Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, na korija mbili za boriti za msinzi kwenye dau, akiyawahi maji yasije yakampwea mkondoni. Kibali alikuwa nacho, ila kiliandikwa jina la nduguye. Watu wa doria wakachukua boriti, wakachukua dau, na yeye wakamchukua. Siku ya nne alirudi kwa miguu na kwa mitumbwi ya kuomba. Hakufikishwa mahakamani, hakusomewa kosa, hakupewa hata kipande cha karatasi. Lakini tangu siku hiyo mpaka tunamzika aliitwa Mzee Utete, kwa kuwa Utete ndiko alikolala mahabusu. Binti yake alipokuja kuposwa, wazee wa upande wa mwanamume waliuliza kwanza: "Huyu ndiye yule wa Utete?"

Nimemkumbuka mjomba mwezi uliopita, pale dada mmoja wa jumuiya yetu alipokuja kwangu hapa Silver Spring, Maryland, na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa hata hajavua koti. Akatoa karatasi aliyoichapisha kazini, akaiweka mezani, akaigeuza inielekee: jina lake kamili, tarehe, namba ya kesi, na chini yake shtaka, shambulio la daraja la pili. "Kaka mhariri," akaniambia, "mimi hata mwanangu sijawahi kumpiga. Jina langu limeingiaje humu?"

Liliingia kwa ugomvi wa sehemu ya kuegesha gari. Katika jimbo la Maryland si lazima polisi ndio waanzishe kesi. Jirani yako anaweza kwenda kwa kamishna wa Mahakama ya Wilaya, usiku au mchana, akaapa na kujaza maelezo yake, na kamishna akiona yana uzito anatoa wito au hati ya kukukamata. Ndivyo ilivyokuwa. Dada yetu alichukuliwa alama za vidole, akapigwa picha, akaachiwa. Siku ya kesi mwendesha mashtaka alisimama akamwambia jaji kwamba hataendelea nayo. Hazikupita dakika tano. Akatoka mahakamani Rockville akimshukuru Mungu, akijua yamekwisha.

Miaka miwili baadaye aliomba kazi katika nyumba moja ya kulelea wazee. Usaili ulikwenda vizuri, akaonyeshwa mpaka kabati la kuwekea viatu. Kisha simu haikupigwa. Kumbe meneja alikuwa ameandika jina lake kwenye Maryland Judiciary Case Search, mtambo wa mahakama ulio wazi kwa kila mwenye intaneti. Huhitaji nywila, hulipi hata senti, huulizwi unamtafutia nini mtu huyo. Mwisho wa kesi umeandikwa pale kwa maneno mawili ya Kilatini, nolle prosequi, yaani mwendesha mashtaka hakutaka kuendelea. Meneja alisoma neno "shambulio" na hakufika huko chini.

Naandika tahariri hii kwa sababu najua hayuko peke yake. Wapo miongoni mwetu waliokamatwa, wakaachiwa, wakanyamaza kwa aibu. Tukikutana kwenye arusi na misiba tunaulizana habari za kibali cha kazi, za mizigo ya kupeleka Dar, za kodi ya nyumba. Hili la kukamatwa hatulizungumzi, na kwa kunyamaza kwetu tunapoteza haki ambazo sheria ya hapa imeshatupa.

Mtu aliyekamatwa Maryland tangu tarehe 1 Oktoba 2007, kisha akaachiwa bila kufunguliwa mashtaka, polisi wenyewe wanatakiwa kuifuta kumbukumbu hiyo ndani ya siku 60. Mjomba wangu, angekamatiwa Rockville baada ya tarehe hiyo, asingehitaji hata kuomba. Aliyeshtakiwa na kesi ikaisha kwa kuachiwa huru, kufutwa au kuondolewa na mwendesha mashtaka, anaweza kuomba kumbukumbu zifutwe, na kwa kesi za namna hiyo ombi ni bure. Zile za kutiwa hatiani ambazo sheria inaruhusu zifutwe zina ada ya dola 30, na hairudishwi hata ukikataliwa. Kesi zilizomalizika bila hatia kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 zinatakiwa kufutwa zenyewe baada ya miaka mitatu. Ukiomba kabla ya miaka hiyo mitatu, utatakiwa kusaini karatasi ya kuachilia haki yako ya kuwadai fidia waliokukamata. Soma vizuri kabla ya kusaini. Mimi naona ni dhuluma kumwambia mtu aliyekamatwa bure kwamba atasafishiwa jina mapema akikubali kusamehe kabla hajaombwa radhi. Lakini ndiyo sheria ilivyo, na mwenye watoto wanaosubiri mshahara atasaini.

Waliopatikana na hatia ya kukutwa na bangi nao wasichanganyikiwe. Msamaha alioutoa Gavana Wes Moore Juni 2024, uliogusa hukumu zaidi ya 175,000, ni msamaha wa hatia. Hautoshi peke yake kuondoa kesi katika kumbukumbu. Ukitaka ifutwe, fuatilia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Dada yetu, baada ya kukosa ile kazi, alijaza fomu mwenyewe akiwa maktaba, akaipeleka mahakamani, na baada ya miezi michache akapata barua: kumbukumbu zimefutwa. Alifurahi, na alistahili kufurahi. Mwaka huu akaomba uraia. Fomu ya N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa au kushikiliwa popote, wakati wowote, na inataka jibu hata kama kumbukumbu ilishafutwa. Sheria ya jimbo inamkataza mwajiri kukudai habari za shtaka lililofutwa. Idara ya uhamiaji ni ya serikali kuu, nayo haifungwi na ufutaji wa jimbo. Akajibu kweli: ndiyo, nilikamatwa. Ofisa akamwambia, lete nakala ya mahakama yenye mhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Akarudi Rockville. Karani akaandika namba ya kesi, akatazama skrini, akamwambia kwa upole kwamba kesi hiyo haipo.

Haipo! Karatasi pekee iliyokuwa ikithibitisha kwamba hana hatia aliifuta kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana alikuja kwangu na bahasha, na ndani yake hamkuwa na kitu chenye mhuri. Ile karatasi aliyoiweka mezani aliichapisha zamani, kabla ya kufutwa, na mhuri haina.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu asiye raia asiguse fomu ya kufuta kabla hajakwenda kwa karani kuchukua nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka na za uamuzi wa mwisho, zaidi ya moja, na ripoti ya polisi ikipatikana. Ziwekwe pamoja na pasipoti na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na kabla ya hapo aonane na wakili wa uhamiaji, si rafiki wa rafiki aliyewahi kufanikiwa. Mwenye wasiwasi na kilichoandikwa juu yake anaweza kutuma alama za vidole FBI na dola 18, akaletewa muhtasari wa kumbukumbu zake. Nyingine kama hiyo inatunzwa na jimbo. Na kama kampuni ya kuchunguza waombaji kazi bado inaonyesha kesi iliyokwisha kufutwa, sheria ya nchi hii inakupa haki ya kuipinga, nao kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza.

Wengine wataniuliza: kwa nini basi kumbukumbu za kukamatwa ziwe wazi hata kidogo? Si zifungwe tu? Nami nilikuwa na mawazo hayo, mpaka nilipoyapima kwa yaliyotupata nyumbani Tanzania.

Mwaka 2017 hakuna mtu wa Kibiti, Rufiji au Mkuranga aliyelala vizuri. Wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili mwaka huo askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa karibu na Jaribu. Ikaundwa kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, pikipiki zikazuiwa usiku, watu wakakamatwa. Wauaji walistahili kusakwa, sitakubali mtu aniambie vinginevyo. Kati ya waliouawa walikuwamo watu waliotuandikia barua za utambulisho tulipokuwa tunaondoka kijijini. Lakini katika kukamatwa huko wapo waliochukuliwa na hawakurudi, na familia zao hazina pa kushika. Tarehe 21 Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti na watu wasiojulikana. Huyo tunamtaja kwa jina kwa kuwa alikuwa mwandishi na wenzake walipiga kelele. Hajaonekana mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoielewa ile skrini iliyomtesa dada yetu. Skrini ile ilimnyima kazi, kweli. Lakini usiku aliochukuliwa, mumewe alijua yuko kituo gani, kwa shtaka gani, na atafikishwa mbele ya nani saa ngapi. Alikamatwa hadharani, kwa maandishi, na maandishi hayo yalimlinda kabla hayajamuumiza. Mama wa Mbwera ambaye mwanawe alichukuliwa usiku hana namba ya jalada, hana jina la ofisa, hana tarehe iliyogongwa mhuri. Akienda kituoni anaambiwa hayupo kitabuni. Hana cha kufuta. Anatafuta mstari mmoja tu ulioandikwa.

Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema kadiri inavyowezekana. Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti yake Julai 2023, iliuangalia sana ukamataji. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake. Kwa hiyo ninachodai si kitu kigeni. Kila anayeingia mahabusu Tanzania apewe, yeye au mdhamini wake, karatasi inayotaja kituo, tarehe, saa na sababu. Akitoka apewe nyingine inayosema ametokaje. Mbwera ni mbali na kituo, hupafiki ila kwa boti na kwa kutazama maji. Mtu akichukuliwa kule, karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia mkewe aelekee wapi.

Karatasi hiyo itawasaidia na vijana wanaotaka kutufuata huku. Mwenye miaka 16 na zaidi anayeomba visa ya kuhamia Marekani hutakiwa cheti cha tabia njema cha polisi. Wapo wanaonipigia simu kutoka delta wakisita kwenda kuchukuliwa alama za vidole, si kwa kuwa walitenda kosa, ila kwa kuwa mwaka ule wa 2017 walilala kituoni siku mbili au tatu na hawajui kilichoandikwa. Nawaambia waende. Lakini nawaelewa, nimekulia nyumba ya Mzee Utete.

Kamati ya jumuiya yetu imekubali mambo mawili. Kikao kijacho tutakuwa na wakili wa uhamiaji kwa saa mbili. Mwenye kesi aje na karatasi zake, na asiyetaka kuonekana na wenzake aniambie, nitampangia muda wa faragha. La pili, tumefungua daftari. Aliye na ndugu aliyekamatwa nyumbani, awe alirudi au hakurudi, aje tuandike jina, kijiji, tarehe kama inakumbukwa, nani aliona, na alichukuliwa akielekezwa wapi. Daftari litakaa kwa katibu, halitachapwa humu wala popote bila ridhaa ya familia, na jina litafutwa siku familia itakapotaka.

Mstari wa kwanza nimeuandika mwenyewe. Jina lake la kweli, lile ambalo wajukuu wake hawalijui. Mbwera. Boriti korija mbili, dau moja. Siku nne, Utete. Safu ya mwisho nimeandika: hakushtakiwa.