Ngiri na nguchiro wanastahili zaidi ya kuchekesha

Karibu kila filamu kubwa ya katuni ina mnyama wake wa kuchekesha. Shujaa ndiye anayelia, anayependa na anayepigania ufalme. Mwenzake kazi yake ni kuanguka, kula ovyo na kuropoka maneno ambayo watoto watayarudia nyumbani wiki nzima. Studio za Marekani ziligundua zamani kwamba msindikizaji huyo naye anauza tiketi, zikaanza kumpa filamu yake. Nyingi kati ya hizo huchosha kabla ya nusu saa.

Pengwini wa filamu ya Madagascar ni ushahidi mzuri. Mwaka 2005 Skipper na vijana wake watatu walitokea kwa dakika chache, wakateka meli, wakatoweka, na watu walitamani warudi. Novemba 2014 DreamWorks ikawapa filamu nzima. John Malkovich akaletwa kumpa sauti pweza mwenye kisasi, kisha ikawa kukimbizana kuanzia Venice hadi Shanghai, vichekesho vikifuatana bila hata mwanya wa kucheka. Private, mdogo wao, anataka kuheshimiwa na wakubwa zake. Hilo lilitosha kubeba hadithi, lakini kelele zimelifunika.

Sasa walinganishe na Timon na Pumbaa, nguchiro na ngiri wa The Lion King.

The Lion King 1½ ilitoka Februari 2004 moja kwa moja kwenye kanda na DVD, bila kupitia kumbi za sinema Marekani, na sehemu kubwa ilitengenezwa kwenye studio ya Disney huko Sydney, Australia. Kazi za namna hiyo zilidharauliwa, na nyingi zilistahili dharau hiyo. Hii haikustahili. Inawaweka ngiri na nguchiro kwenye viti vya sinema, rimoti mkononi, wakiirudisha nyuma filamu ya 1994 ili waisimulie upya kwa kadiri walivyoiona wao. Mbinu hiyo inafanana sana na ile ya Tom Stoppard, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, aliyewachukua wahusika wawili wadogo wa Hamlet akawapa jukwaa lao.

Chukua tukio la mwanamfalme mchanga, Simba, kuonyeshwa kwa wanyama wote. Katika filamu ya kwanza wanapiga magoti kwa heshima, na muziki unapaa. Kumbe, tunaambiwa sasa, Pumbaa alikuwa katikati ya umati, hofu ikamshika, akajamba. Walio karibu naye wakaanguka. Walio mbali wakadhani wenzao wanasujudu, nao wakasujudu. Ni utani wa kitoto kabisa, lakini una jicho kali: adhama ya ufalme inaonekana tofauti ukiitazama kutoka chini.

Na chini ndiko Timon alikotoka. Jamii yake inachimba mashimo kutwa kucha kwa kuwaogopa fisi, naye kila akishika kazi handaki linaporomoka. (Wataalamu wa wanyama watanung'unika, na wana haki: nguchiro wa aina yake wanaishi Kalahari, si kwenye mbuga za Kenya na Tanzania ambako ngiri wamejaa tele.) Anaondoka kwa aibu akitafuta mahali pa kuishi. Akikutana na Pumbaa, ambaye wanyama wote wanamkwepa kwa harufu yake, tunaelewa kwa nini wawili hawa wanasema hawana shida na dunia. Hakuna aliyewataka. Halafu wanaokota mtoto wa simba jangwani, wanageuka walezi wasiolala usiku, na filamu ya vichekesho inakuwa na uchungu wake.

Tofauti iko hapo. Kuongeza utani hakumfanyi msindikizaji awe nyota. Lazima awe na jambo linalomuuma. DreamWorks wenyewe walilifahamu baadaye. Paka yule wa Shrek 2, mwenye sauti ya Antonio Banderas, alirudi Desemba 2022 katika Puss in Boots: The Last Wish akiwa amebakiwa na uhai mmoja kati ya tisa. Kifo kinamwinda kwa umbo la mbwa mwitu, na kuna mahali bingwa huyo wa majigambo anakimbilia msituni moyo ukimwenda mbio, hawezi hata kupumua, mpaka mbwa mdogo anapolaza kichwa tumboni mwake. Ilifika kwenye orodha ya wawania Oscar.

Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za Sungura hatashangaa. Huko mnyama mdogo hajawahi kumsindikiza mtu. Simba na fisi ndio wanaochekwa.

Cha ajabu, Disney haikuendelea na njia hiyo. Katika Mufasa: The Lion King, ya Desemba 2024, Timon na Pumbaa wamewekwa kando wakimsikiliza nyani aitwaye Rafiki akimsimulia mtoto wa Simba, nao wanamkatiza kila mara kwa mzaha. Mwaka 2004 pia walikuwa wakikatiza hadithi, ila hiyo ilikuwa yao.